Machicha ya Bia Yahesabiwe Chakula: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, TBS na Wenye Viwanda vya Bia

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Mifugo na Uvuvi;
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS);
Wakurugenzi wa viwanda vya bia nchini.

YAH: MATUMIZI YA MACHICHA YA BIA KATIKA CHAKULA CHA MIFUGO NA CHA WATU

Machicha ya bia ni masalio ya nafaka baada ya kimea kuchanganywa na maji ya moto na utamu wake kuchujwa. Katika mabaki yote ya kiwanda cha bia hakuna yanayoyafikia kwa wingi: takribani asilimia 85 ya mabaki hayo ni machicha. Kila lita 100 za bia huacha kilo 20 hivi za machicha mabichi. Kwa hesabu hiyo, kiwanda kinachotengeneza lita milioni 100 kwa mwaka hutoa tani 20,000 za machicha, wastani wa tani 55 kwa siku. Kwa mgawo wa kilo 11 kwa kichwa, ambao unaelezwa mbele, tani hizo zinatosha ng'ombe wa maziwa 5,000 kila siku.

Viwanda vikubwa vya bia nchini viko Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na Mbeya. Miji yote hiyo imezungukwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku, na wengi wao hawana eneo la malisho. Mfugaji wa mjini hutegemea majani ya kununua. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe hufungwa bandani mwaka mzima, na majani hubebwa kichwani au kwa gari kutoka tambarare. Ikifika Agosti na Septemba majani huadimika, bei ya pumba na mashudu hupanda, na maziwa hupungua. Chakula chenye protini nyingi kuliko pumba hutoka kiwandani kila siku, mwendo wa saa chache tu kutoka kwenye mabanda hayo.

Ombi la barua hii ni moja: machicha yahesabiwe kuwa chakula tangu yanapotoka kwenye tangi, si taka inayotafutiwa pa kutupwa. Sababu yake ni ya kitaalamu. Machicha huharibika haraka, na karibu faida yote na hatari yote iliyomo huamuliwa katika saa 48 za kwanza. Kinachohesabiwa taka hakiandikiwi tarehe wala hakifunikwi, na wala hakipimwi. Kikihesabiwa chakula, hayo yote hufanyika.

Yanavyopatikana

Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kwa siku chache, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto na kuwa kimea. Kiwandani kimea husagwa, mara nyingi pamoja na mahindi au mtama, na kuchanganywa na maji yenye joto la kati ya nyuzi 62 na 72 za Selsiasi. Kwa muda wa saa moja hadi mbili, vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Mchanganyiko huo hupelekwa kwenye tangi la kuchujia. Humo maganda ya nafaka hutuama chini na kuwa chujio, na maji matamu hupenya katikati yake. Kisha mabaki humwagiwa maji ya moto tena ili kutoa utamu uliosalia, kama mpishi anavyotia maji mara ya pili kwenye nazi iliyokunwa ili kupata tui jepesi.

Maji matamu huendelea na safari yake: huchemshwa pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), hupozwa, na hapo ndipo hamira hutiwa ili yachachuke na kuwa bia. Machicha hayashiriki katika hatua hizo. Yameshatolewa kwenye tangi la kuchujia, yakiwa ya moto, kabla hamira haijatiwa. Kwa hiyo machicha mabichi ya kiwanda cha kisasa hutoka bila kileo.

Yaliyomo

Kwa uzito wake, machicha mabichi ni maji kwa asilimia 75 hadi 80. Yakikaushwa kabisa, asilimia 20 hadi 30 ya kinachobaki ni protini, karibu nusu ni nyuzinyuzi, na kuna mafuta kidogo. Shayiri yenyewe ina protini ya asilimia 10 hivi. Protini huongezeka kwenye machicha kwa sababu wanga, ambao ndio sehemu kubwa ya punje, umeondoka na maji matamu na kuacha vingine vikiwa vimekusanyika.

Protini hiyo inamfaa hasa ng'ombe anayekamuliwa. Joto la kukausha kimea na la tangi huifanya isimeng'enywe upesi, hivyo karibu nusu yake hupita tumbo la kwanza bila kuvunjwa na vijidudu, ikafika kwenye utumbo mwembamba na kufyonzwa huko. Nyuzinyuzi nazo huendelea kumeng'enywa polepole katika tumbo la kwanza, tofauti na unga wa nafaka ambao ukizidi huleta uchachu tumboni.

Upungufu wake uko wazi pia. Wanga ukiondoka, nguvu nyingi ya haraka huondoka nao, kwa hiyo machicha huhitaji pumba za mahindi au molasi pembeni. Kalsiamu iliyomo ni ndogo kuliko fosforasi, na ng'ombe wa maziwa huhitaji kinyume chake. Chokaa ya mifugo na chumvi ya madini haziepukiki. Potasiamu na madini mengine yanayoyeyuka huwa yameoshwa na maji ya moto.

Wingi wa maji ndio unaowapotosha wanunuzi wengi. Kilo 100 za machicha yenye maji asilimia 78 zina kilo 22 tu za chakula kikavu. Kilo 100 za pumba za mahindi zina kilo 88 hivi. Ili kulinganisha bei kwa haki, kilo nne za machicha zihesabiwe sawa na kilo moja ya pumba. Kilo moja ya machicha ikiuzwa robo ya bei ya kilo ya pumba, bei ya chakula kikavu ni ileile, ila upande wa machicha protini ni karibu maradufu. Ikiuzwa nusu ya bei ya pumba, mfugaji analipia maji. Bila kuandikwa kiwango cha unyevu kwenye lango la kiwanda, hesabu hii haiwezekani, na anayepoteza ni mfugaji mdogo anayenunua kwa ndoo au kiroba kutoka kwa mtu wa tatu.

Saa 48 za kwanza

Machicha yanapoingia kwenye lori huwa ya rangi ya kahawia hafifu, yana mvuke, na yananukia kama uji wa nafaka iliyokaangwa. Joto, maji, protini na masalio ya sukari ni mazingira ambamo bakteria na kuvu hustawi upesi. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam, siku ya pili rundo lililo wazi huanza kutoa harufu kali ya uchachu, na ukitia mkono katikati unakuta joto limepanda tena. Siku ya tatu au ya nne juu yake huota utando mweupe, kisha madoa ya kijani na meusi, na chini hugeuka utelezi. Ng'ombe mwenye njaa bado atayala, na hapo ndipo hatari ilipo.

Hasara nyingine hutokea barabarani. Lori lisilo na sakafu iliyozibwa huchuruzika njia nzima. Maji hayo yana sukari na protini ambazo mfugaji amezilipia, na yakiingia kwenye mtaro huoza, hunuka na kuvuta nzi. Malalamiko ya majirani dhidi ya wafugaji wa mijini mara nyingi yanatokana na maji hayo, si na ng'ombe wenyewe.

Njia ya kuyatunza inajulikana na haina gharama kubwa: ni sileji. Machicha hupakiwa yangali mabichi kwenye pipa la plastiki au shimo lililotandikwa nailoni, hushindiliwa tabaka kwa tabaka hadi hewa iishe, kisha hufunikwa kabisa na kuwekewa uzito juu. Bakteria wasiohitaji hewa hugeuza sukari iliyosalia kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia uozo. Baada ya wiki tatu hivi sileji iko tayari, na isipofunguliwa hukaa miezi. Inapofunguliwa, mfugaji huchota kinachotosha siku hiyo na kufunika tena mara moja.

Machicha peke yake yana maji mengi mno kwa sileji nzuri, kwa hiyo huongezewa kitu kikavu. Kilo 100 za machicha zikichanganywa na kilo 20 za pumba za mahindi, chakula kikavu hupanda kutoka asilimia 22 hadi 33, na maji ya kuchuruzika hupungua sana. Molasi kidogo, kilo tatu hadi tano kwa kila kilo 100, huwapa bakteria sukari ya kuanzia. Molasi ni mabaki ya viwanda vya sukari, na hapa jiografia ya nchi inasaidia: kiwanda cha sukari cha TPC kiko jirani na Moshi, na cha Kilombero kiko mkoani Morogoro.

Kiasi cha kulisha

Kanuni inayotumika sana ni machicha yasizidi moja ya tano ya chakula kikavu chote cha ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa kilo 400 hula kilo 12 hivi za chakula kikavu kwa siku. Moja ya tano yake ni kilo 2.4, sawa na kilo 11 za machicha mabichi. Kiasi hicho hugawanywa mara mbili, asubuhi na jioni, na huzoeshwa polepole kwa wiki moja hadi mbili. Majani au mabua lazima yabaki kuwa msingi wa lishe. Hori husafishwa kila siku, kwa kuwa mabaki ya jana huchachusha chakula cha leo. Ndama ambaye tumbo lake la kwanza halijakomaa hapaswi kupewa.

Nguruwe anayekua hufaidika na kiasi kidogo, kwani nyuzinyuzi humshinda. Nguruwe jike mwenye mimba hustahimili zaidi. Kuku hupewa machicha yaliyokaushwa na kusagwa tu, yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Hata sato wa kufugwa anaweza kulishwa machicha makavu yakiwa sehemu ya mchanganyiko.

Historia inaonyesha yanayotokea mabaki yanapogeuzwa kuwa chakula pekee. Katikati ya karne ya 19 mjini New York, ng'ombe walifungwa kwenye mabanda machafu kando ya viwanda vya pombe kali na kulishwa mabaki ya moto ya nafaka, bila majani ya kutosha. Walidhoofika na kupata vidonda, na maziwa yao ya rangi ya samawati yalipakwa sura kwa chokaa na unga kabla ya kuuzwa kwa familia zenye watoto wachanga. Mwaka 1858 gazeti la Frank Leslie lilifichua biashara hiyo kwa michoro, na mwaka 1862 jimbo la New York likatunga sheria ya kuizuia. Nafaka haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kiasi, uchafu, na soko lisilo na msimamizi.

Sumukuvu

Hatari inayostahili uangalizi wa Serikali kuliko zote ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Nafaka ikiwa na kuvu shambani au ghalani, sehemu kubwa ya sumu hiyo hung'ang'ania maganda na protini, ikabaki kwenye machicha badala ya kwenda na maji matamu. Machicha yaliyoachwa wazi yanaweza pia kuota kuvu mpya. Kuvu mmoja, Aspergillus clavatus, hupenda nafaka iliyochipua na mabaki yake, na umewahi kuwatetemesha na kuwapooza ng'ombe kusini mwa Afrika.

Tanzania inaijua sumukuvu kwa uchungu. Mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa upande wa maziwa, ng'ombe akila aflatoksini B1, ambayo ni aina ya sumukuvu, sehemu yake, kwa kawaida asilimia moja hadi tatu, hutoka kwenye maziwa ikiwa aflatoksini M1. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba ng'ombe akiondolewa chakula chenye sumu, kiwango cha sumu kwenye maziwa hushuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo kipimo cha mapema kina faida ya moja kwa moja, na mahali rahisi pa kupimia ni kiwandani, ambako machicha ya maelfu ya wafugaji hupita kwenye lango moja.

Mabaki mengine: hamira na pombe za kienyeji

Baada ya bia kuchachuka, hamira iliyozaliana hutuama chini ya tangi. Ikikaushwa, karibu nusu yake ni protini, na ina vitamini za kundi B kwa wingi. Lakini hamira hai haifai kumwagwa horini: huendelea kuchachusha sukari ndani ya tumbo na kumvimbisha mnyama. Lazima iuawe kwa joto kwanza. Mabaki haya yana kileo, tofauti na machicha, na hayapaswi kuchanganywa nayo kimyakimya ili kuongeza uzito wa lori.

Pombe za kienyeji nazo huacha mabaki. Mbege ya Kilimanjaro hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na komoni ya Mbeya kwa nafaka. Katika pombe nyingi za aina hii mchujo hufanyika baada ya kuchachuka, au mabaki hubaki ndani ya kinywaji hadi mwisho, kwa hiyo yana kileo. Nguruwe na kuku wa nyumbani wamelishwa mabaki hayo kwa vizazi vingi. Ushauri unaofaa ni kuyachemsha kwanza ili kileo kipungue, kuyatoa kidogo, na kutoyaweka hadi siku ya pili.

Chakula cha watu

Mabaki ya bia kuliwa na watu si jambo jipya. Mwaka 1902, mjini Burton upon Trent, Uingereza, kilianzishwa kiwanda cha Marmite, ambacho hutengeneza kitoweo cha kupaka mkate kutokana na hamira ya viwanda vya bia vya mji huo. Ujerumani, mkate wenye machicha una desturi ya muda mrefu. Katika miaka ya karibuni kampuni za Marekani na Ulaya zimekuwa zikikausha machicha na kuyasaga kuwa unga wa biskuti, tambi na mikate.

Unga huo una protini ya kutosha na nyuzinyuzi nyingi sana. Ukichanganywa na unga wa ngano kwa asilimia 5 hadi 10, mkate, chapati au biskuti hupata rangi ya kahawia na ladha ya nafaka iliyokaangwa. Ukizidishwa, mkate hauumuki vizuri, kwa sababu maganda hukata nyuzi za gluteni zinazoshikilia hewa kwenye donge. Watu wa mijini wanaokula vyakula vilivyokobolewa, wakiwemo wenye kisukari, wanahitaji nyuzinyuzi zaidi. Lakini unga huu haufai kuwa msingi wa uji wa mtoto mdogo: hujaza tumbo lake kabla hajapata nguvu anayohitaji. Na kwa kuwa shayiri ina gluteni, mtu anayedhurika nayo lazima aonywe kwenye kifungashio.

Kikwazo kikubwa ni kukausha. Tani moja ya machicha yenye maji asilimia 78 hutoa kilo 244 tu za unga wenye unyevu wa asilimia 10. Kilo 756 za maji lazima ziondoke. Zote zikiondolewa kwa moto, mafuta au kuni humeza faida. Mashine ya kukamua inaweza kushusha maji hadi asilimia 65 hivi bila moto, na kwa hatua hiyo pekee kilo 371, karibu nusu ya maji yote, huwa zimeshatoka. Jua la kiangazi la Arusha au Mbeya linaweza kumalizia kwenye matabaka membamba yanayogeuzwa mara kwa mara, ila kwa chakula cha mifugo tu. Unga wa watu huhitaji kikaushio kilichofunikwa, na mabomba na vyombo vyenye usafi wa chakula kuanzia tangini. Machicha yaliyoshuka sakafuni au kuingia kwenye lori la kawaida hayarudi tena kuwa chakula cha binadamu.

Swali la kileo

Wanywaji wengi wa maziwa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar ni Waislamu, na wana haki ya kujua ng'ombe amekula nini na unga umetoka wapi. Hukumu ya dini ni ya wanazuoni. Wajibu wa viwanda na wasimamizi ni kuwapa wanazuoni na walaji ukweli kamili: machicha ya kiwandani hutolewa kabla ya hamira kutiwa, na hamira iliyotumika na mabaki ya pombe za kienyeji hutoka baada ya kileo kuwapo. Ukweli huo ukiandikwa kwenye kila mzigo na kila kifungashio, kila mtu ataamua kwa dhamiri yake. Ukifichwa, uvumi mmoja unaweza kuangusha soko la wafugaji ambao hawakufanya kosa lolote.

Usimamizi wenye kipimo

Msimamizi anaweza kukosea kwa kutofanya kitu, na anaweza kukosea kwa kuzidisha. Marekani ilijifunza hilo hivi karibuni. Kanuni za chakula cha wanyama zilizopendekezwa mwaka 2013 na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, zingewabebesha wenye viwanda vya bia mzigo wa mpango kamili wa usalama kwa machicha wanayowapa wafugaji. Mwaka 2014 wenye viwanda na wafugaji walipinga kwa pamoja: gharama ingewafanya wengi wayapeleke jalalani. FDA ilisikiliza, ikarekebisha rasimu mwaka huohuo, na kanuni ya mwisho ya mwaka 2015 ikadai jambo la msingi kwa mabaki kama hayo: yakitoka kwenye kiwanda kinachofuata kanuni za chakula cha watu, yahifadhiwe na kusafirishwa bila kuchafuliwa, na yatambulishwe. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshachukua njia nyingine kwa kanuni ya usafi wa vyakula vya mifugo Na. 183 ya mwaka 2005, inayotaka anayetoa mabaki kwa ajili ya mifugo asajiliwe kama mfanyabiashara wa chakula cha mifugo.

Tanzania ina pa kuanzia. Sheria ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo ni ya mwaka 2010, na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS. Hakuna haja ya kuunda chombo kipya. Kinachohitajika ni masharti machache, yanayotekelezeka, yanayolenga saa zilezile ambazo machicha huharibika.

Maombi

Kwanza, viwanda vya bia vinaombwa kumpa kila mchukuaji hati ya mzigo inayoonyesha tarehe na saa ya kutoka tangini, aina ya nafaka, kiwango cha unyevu, na kwamba mzigo ni machicha matupu bila hamira. Muuzaji wa kati aionyeshe hati hiyo kwa kila mnunuzi.

Pili, Wizara na TBS zinaombwa kuweka sharti la usafirishaji: sakafu ya lori iliyozibwa, turubai juu, lori lisilobeba kemikali wala samadi, na machicha mabichi yasiuzwe baada ya saa 48 isipokuwa yamewekwa sileji.

Tatu, sumukuvu ipimwe kiwandani kwa ratiba inayojulikana, na majibu yabandikwe langoni. Nafaka iliyokataliwa kwa ajili ya bia kwa sababu ya kuvu isiingizwe kwenye machicha kwa mlango wa nyuma.

Nne, viwanda vinaombwa kutenga sehemu ya machicha kwa vyama vya ushirika na vikundi vya wafugaji wadogo, kwa mkataba wa bei inayohesabiwa kwa chakula kikavu. Ng'ombe aliyezoeshwa machicha kisha akakatishwa ghafla hushuka maziwa. Mkataba na ratiba ya uzalishaji humsaidia mfugaji kujipanga.

Tano, Wizara inaombwa kuwawezesha maafisa ugani wa mifugo wa kata zinazozunguka Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na Mbeya kufundisha sileji ya pipa kwa vitendo kabla ya kiangazi, pamoja na mgawo sahihi na matumizi ya chokaa na chumvi ya madini. Kikundi kikiwa na mapipa ya pamoja kinaweza kupokea lori zima na kuondoa hasara ya kununua kwa ndoo.

Sita, TBS inaombwa kuandaa kiwango cha unga wa machicha kwa chakula cha watu, kikitaja unyevu, sumukuvu, usafi wa njia ya uzalishaji, onyo la gluteni, na katazo la kuutangaza kama chakula cha watoto wachanga. Kiwango kikiwepo, mwokaji mdogo wa Mwanza au Arusha atajua pa kuanzia, na mlaji atajua anachokula.

Katika maombi haya sita, la kwanza halihitaji sheria mpya wala bajeti ya Serikali. Linahitaji karatasi, kipima unyevu na uamuzi wa menejimenti ya kiwanda. Linaweza kuanza mara moja, na mengine matano yatalitegemea, kwa maana mzigo usio na tarehe hauwezi kukaguliwa, kupimwa, kupangiwa bei wala kulishwa kwa usalama.

Nakala: Ofisi za mifugo za halmashauri za Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na Mbeya, vyama vya ushirika vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.